Nyumba ya kazi katika lupango

Ndugu zangu, katika vijiji vyetu vya kando ya Likasi na Kolwezi, watu wengi wanarudi kutoka migodini na vyombo vizuri: msumeno, randa, nyundo, tupa, funguo za baisikeli. Mtu ametoa jasho miaka mingi kwa kuvipata. Kisha anaviweka wapi? Chini ya kitanda, ao jikoni pamoja na moshi na maji. Masika mawili yakipita, chuma kimeshika kutu, mpini umeliwa na mchwa. Heri vyombo vipate nyumba yao.

Anzeni wakati wa jua, mwezi wa 5 ao wa 6, maana matofali yanataka kukauka mbele ya mvua. Mimi sikufanya hivyo. Nyumba yangu ya kwanza niliijenga mwezi wa 10, mbio mbio, na nguzo za miti laini nikazichimbia udongoni. Mwaka wa pili nguzo zilionekana nzima kwa nje, kumbe ndani ni udongo mtupu. Usiku mmoja wa upepo paa likaangukia meza, na msumeno niliouazima kwa mjomba wangu ukavunjika. Nilimlipa kwa mahindi ya mavuno mawili. Kwa hiyo habari ya mchwa nitaisema kwa urefu.

Mchwa hapendi mwanga. Anatoka udongoni, anapanda ndani ya njia nyembamba anayoijenga mwenyewe. Basi mti wowote usigusane na udongo. Chagua mahali palipoinuka, ondoa visiki na mizizi yote, maana ndiyo chakula chake. Jenga msingi wa mawe ao matofali ya kuchoma mpaka sentimeta 40 juu ya uwanja. Kutoka hapo matofali mabichi yanafaa. Udongo wa kichuguu ni mzuri sana kwa matofali: adui naye anatusaidia. Miimo ya mlango iwe ya mubanga ao mulombwa, tena moyo wa mti, si sehemu nyeupe ya nje.

Mzee mmoja aliniuliza: “Moniteri, mchwa hawezi kupanda juu ya tofali?” Baba, anaweza. Lakini sasa njia yake inaonekana, na wewe unaibomoa. Ndiyo sababu kuta zipakwe chokaa ao udongo mweupe, ndani na nje: njia ya mchwa itaonekana kama mstari wa wino juu ya karatasi. Pita na ufagio kila juma.

Sakafu iwe juu ya uwanja sentimeta 20, ya vipande vya matofali vilivyoshindiliwa, kisha udongo na mchanga. Paa, la nyasi ao malata, litokeze sentimeta 60 ili mvua isipige ukuta. Mlango uwe mpana, baisikeli ipite na mbao ndefu. Dirisha kubwa liwe upande wa kusini, kwa sababu wakati wa kiangazi jua linapita kaskazini, nalo halitakuchoma macho. Chini yake weka meza. Kimo chake? Simama, shusha mikono: meza ifike kwenye kifundo cha mkono.

Moto wa kufua chuma usiingie humo kabisa. Uwe na kibanda chake, hatua 10 mbali.

Vyombo vitundikwe ukutani, vimepanguswa na mafuta. Chombo cha kuazima kitundike peke yake karibu na mlango, mwenyewe akija akione.