Rili Hurudi Dukani, Nzi Harudi

Duka la zamani la vifaa vya kuvulia kwa ufito, la aina inayopatikana Uingereza kando ya mito ya samoni au katika mitaa ya wenye nazo London, humpa mgeni fumbo la bei kabla hajafungua mdomo. Kwenye kabati la kioo kuna rili, kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, inayouzwa kwa mamia ya pauni. Hatua mbili kutoka hapo, juu ya kaunta, kuna trei la mbao lililogawanywa vyumba vidogo vidogo, na ndani ya kila chumba mna nzi wa kuvulia: ndoana ndogo iliyovikwa manyoya na uzi ili samaki aina ya trauti aidhanie mdudu. Huyo bei yake ni pauni 2 hivi. Rili imechongwa kwa mashine, fundi akaimalizia. Nzi amefungwa kwa vidole tangu mwanzo hadi mwisho, na vidole hivyo mara nyingi ni vya Mkenya. Kwa nini basi kitu chenye kazi nyingi zaidi ya mkono ndicho kisicho na jina, na chenye kazi chache zaidi ndicho kinachobeba jina la ukoo wa watu?

Jina lenyewe tulichukue lile linalofahamika kuliko yote katika biashara hii. William Hardy alifungua karakana ya bunduki na visu katika mji wa Alnwick, kaskazini mwa Uingereza, mwaka 1872, na haukupita muda nduguye John James akaungana naye. Wawili hao walikuwa wavuvi, na uvuvi ukaimeza biashara ya bunduki. Fito zao za mwanzi uliopasuliwa vipande sita na kugandishwa upya zilipata sifa, lakini kilicholifikisha jina la Hardy mbali ni rili waliyoiita Perfect, iliyoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1890. Siri yake haikuwa urembo. Kigurudumu kilizunguka juu ya gololi za chuma, kama ekseli ya baiskeli, badala ya kusuguana chuma kwa chuma, na ndani kulikuwa na kidole kidogo kilichosukumwa na springi kugusa meno ya gia, ili samaki anapokimbia na mshipi avute kwa uzito uliopangwa, huku mlio wake ukimwambia mvuvi mbio zake ni za namna gani. Vibali vya ufalme vilifuata, duka la Pall Mall likafuata, na katalogi nene za kila mwaka zikasafiri na maofisa wa dola hadi India na Afrika.

Wapo watakaosema hapa kwamba fumbo limekwisha fumbuka: jina ni ubwana tu, na mwenye fedha hulipia nembo ya mfalme kama anavyolipia saa au gari. Pingamizi hili lina ukweli wake, kwani hakuna trauti aliyewahi kuuliza rili imeandikwa nini. Ila halielezi jambo moja. Nembo za kifalme walizipata wafanyabiashara wengi sana wa zama zile, wauza kofia, wauza ugoro, washona viatu, na wengi wao leo hawakumbukwi. Ukitazama ni vitu gani vya duka hili vilivyobaki na bei mnadani miaka mia baadaye, utakuta ni vile vilivyokuwa na njia ya kurudi. Rili ya Perfect ikilegea, springi yake hubadilishwa. Kidole kikilika, hutiwa kingine. Mtoto aliyerithi rili ya babu angeweza kuipeleka Alnwick ikafunguliwa, ikasafishwa na kurudishwa ikilia kama zamani. Anayenunua rili ya namna hiyo ananunua pia ahadi ya watu ambao hajawaona, kwamba siku ikikwama watakuwapo. Mafundi wa baiskeli wa kwetu wanaijua hesabu hii vizuri: spea zikikosekana mtaani, chombo kimeshakufa hata kama bado kinatembea.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, kwa sababu linatoka kwenye vitabu vya hesabu vya biashara yenyewe. Ukoo wa Hardy haumiliki tena jina la Hardy. Kampuni iliuzwa kwa kundi la Harris & Sheldon mwaka 1967, na mwaka 2013 ikanunuliwa na Pure Fishing ya Marekani, ambayo kapuni mwake tayari zimo Abu Garcia ya Uswidi, Penn iliyoanzia Philadelphia na Shakespeare, zote chapa kongwe zilizoanza kama karakana za watu wenye majina. Pure Fishing nayo imepita mikononi mwa wengi, na mwaka 2018 kampuni ya uwekezaji ya Sycamore Partners ilikubali kuinunua kwa dola bilioni 1.3. Katika safari hiyo sehemu kubwa ya utengenezaji wa fito na rili za Hardy ilihamia Asia ya Mashariki, na ni baadhi tu ya rili za jadi zilizorudishwa kutengenezwa Alnwick. Mwenye shaka atauliza: kama jina laweza kuuzwa kama gunia la mchele, na kitu kinatengenezwa popote, hiyo ahadi iko wapi?

Kwa maoni yangu mauzo hayo hayaivunji hoja, yanaipima. Asiyeuza ahadi asingejisumbua kurudisha rili za jadi Alnwick, ambako mshahara wa fundi ni mkubwa na hesabu ya mwaka mmoja haipendezi. Zimerudishwa kwa kuwa mnunuzi wa rili ya jadi ndiye yule yule atakayeirudisha kufanyiwa kazi, naye akishajua kwamba upande wa pili hakuna mtu, hatalipa ile ziada. Mwekezaji anaweza kulikamua jina kwa muda. Kulikamua na wakati huo huo kulitunza ni mambo mawili yasiyokaa pamoja, na mahali pa kutazama ugomvi wao si nyumba ya makumbusho ya kampuni. Ni kwenye dawati la matengenezo: linachukua siku ngapi, na linaitikia rili za mwaka gani.

Turudi kwenye trei la nzi. Trauti si samaki wa asili wa Afrika Mashariki. Mayai yake yalisafirishwa kutoka Scotland na kupandikizwa kwenye mto Gura, katika milima ya Aberdare, mwaka 1905, kwa juhudi za mlowezi Ewart Grogan, na baadaye serikali ya kikoloni ikaendesha kituo cha kuzalisha samaki hao Kiganjo, karibu na Nyeri. Palipo trauti pana wavuvi wa nzi, na palipo wavuvi wa nzi pana anayetakiwa kufunga nzi hao. Kutoka kwenye mahitaji ya walowezi wachache, ufundi huo uligeuka kuwa biashara ya kusafirisha nje. Leo Kenya ni miongoni mwa nchi zinazotajwa kwanza kila panapozungumzwa mahali nzi wa maduka ya Ulaya wanapotoka, sambamba na Sri Lanka na Thailand, na kampuni ya Uingereza ya Fulling Mill ina kiwanda chake humo. Neno kiwanda hapa lisikuletee picha ya mitambo. Ni meza, taa, viti, na mbele ya kila mfungaji jiliwa ndogo iliyobana ndoana ambayo ukiiweka juu ya ukucha wa kidole kidogo haiufuniki wote. Uzi mwembamba kama unywele hulazwa kwanza juu ya shina la ndoana. Mkia wa nyuzi tatu nne za unyoya hufuata, halafu manyoya ya sikio la sungura husokotwa kwenye uzi na kuzungushwa yawe mwili, waya wa rangi ya dhahabu huvingirishwa juu yake kwa nafasi sawa, na mwisho kichwa hufungwa kwa fundo linalojificha lenyewe. Waya ukizidi mzunguko mmoja, nzi si yule wa katalogi. Mfungaji hulirudia hili dazeni baada ya dazeni, na wa mwisho jioni lazima afanane na wa kwanza asubuhi.

Hoja niliyoijenga juu ya rili hapa inaonekana kujibu haraka. Nzi harudi dukani. Akinasa kwenye mti, mvuvi hukata mshipi na kufunga mwingine. Akiliwa na samaki kumi huchakaa na kutupwa. Kisichorudi hakina dawati la matengenezo, na kisicho na dawati hakijengi jina, kwa hiyo mkono wa Mkenya umekalia upande usio na faida wa kaunta. Ni jibu safi, lakini halitoshi, na anayelibomoa yumo katika duka lilelile. Mustad ya Norway ilianza mwaka 1832 kama kiwanda cha misumari na waya, ikaanza kutengeneza ndoana mwaka 1877 baada ya mhandisi wake Mathias Topp kubuni mashine ya kuzizalisha, na leo jina lake linajulikana bandari nyingi za dunia. Ndoana nayo hakuna anayeirudisha dukani. Berkley Bedell wa Spirit Lake, Iowa, alianza mwaka 1937, akiwa bado mwanafunzi, kwa dola 50 alizoweka akiba na kazi ya kufunga nzi. Hakubaki nao: aliingia kwenye nyaya za kuunganishia ndoana, kisha mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni yake ikatoa mshipi wa nailoni uitwao Trilene. Mshipi hutupwa kila msimu. Hata hivyo biashara ya kijana yule ndiyo iliyokuja kuitwa Pure Fishing, ile ile iliyoinunua Hardy.

Kwa hiyo kurudi dukani ni njia moja tu ya kuwajibika. Kitu cha kutupwa nacho huweza kupata jina pale kinapobeba ahadi inayoweza kupimwa. Pakiti ya ndoana inasema namba na ugumu wa waya, na ndoana ya elfu kumi inakuwa kama ya kwanza. Kigurudumu cha nailoni kimeandikwa uzito wa kukatika, na samaki ndiye mkaguzi. Nzi naye ana mambo yake ya kupimwa: je, mwili unazunguka juu ya shina ukivutwa, kichwa kinafumuka, ndoana inanyooka samaki akikaza? Maswali haya yote hujibiwa kabla nzi hajatoka kiwandani, na anayeyajibu, yaani anayekaa mwisho wa meza na kutupa wabovu, ndiye mwenye haki ya kubandika lebo. Fulling Mill ililipata jina kwa kuwa ukaguzi uko mikononi mwake. Mfungaji wa pembeni anayefanya kazi sebuleni na kuuza kwa dalali anaweza kuwa hodari kuliko yeyote aliyeko kiwandani, lakini dazeni zake zikichanganywa na za wengine kumi ndani ya mfuko mmoja, uhodari wake unageuka wastani, na wastani hununuliwa kwa bei ya chini kabisa iliyopo.

Watakaosema kwamba haya ni maneno ya kistaarabu juu ya unyonyaji wa kawaida, wa mkoloni kupata bwawa na mwafrika kupata kazi ya vipande, hawasemi uongo kuhusu chanzo. Biashara ilianza hivyo na malipo bado huhesabiwa kwa dazeni. Lakini maelezo hayo hayatofautishi kati ya Kenya na Spirit Lake, ambako kazi ilikuwa ileile na mwanzo ulikuwa wa mtu mmoja chumbani. Tofauti inayoonekana zaidi iko kwenye ghala. Mfungaji hutegemea vitu viwili visivyotoka Kenya: ndoana nzuri, na manyoya ya shingo ya jogoo waliochaguliwa vizazi kwa vizazi kwa ajili ya kazi hii tu, kama wale wanaofugwa na Whiting Farms huko Colorado, ambao unyoya wao ni mrefu, mwembamba, na nyuzi zake zina urefu sawa kutoka mwanzo hadi mwisho. Ngozi moja ya shingo ya daraja la juu ina bei ya kumfanya mfungaji mdogo afikiri mara tatu. Ndoana nayo ni gharama katika kila nzi, kwa hiyo anayebanwa na fedha huikata hapo kwanza: hununua ndoana rahisi, anaifunga vizuri sana, na samaki wa kwanza mkubwa anainyoosha.

Hivyo ndivyo maneno “nzi wa Kenya” yalivyopata, kwa baadhi ya wanunuzi wa Uingereza, maana ya kitu cha bei poa kisichoaminika, hali nzi wanaowasifu kwa jina la chapa wametoka nchi ileile. Vikundi vya wafungaji vinavyouza moja kwa moja kwa mnunuzi wa nje sasa vipo, na picha zao ni nzuri. Mnunuzi makini akiziona picha hizo hawaulizi kwanza juu ya manyoya. Anataka kujua ndoana ni ya nani, ni ya namba gani, na kama kichwa kikifumuka atalipwa na nani.