Ndege wa Audubon Katika Kadi za Salamu

Mtu apokeapo kadi ya salamu yenye picha ya ndege, aghalabu husoma maneno ya mwenye kuituma, akaiweka juu ya kabati, na ndege yule asimshughulishe tena. Lakini ziko kadi ambazo picha zake zina umri upatao miaka 200, na habari zake zastahili kusimuliwa. Nazo ni zile zilizonakiliwa kutoka picha za rangi za maji za John James Audubon, mchoraji wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1785 katika nchi iitwayo sasa Haiti, akafariki New York mwaka 1851.

Audubon alipokuwa akikaa Henderson, katika jimbo la Kentucky, alisafiri kwenda Philadelphia, akaacha sanduku lenye picha zaidi ya 200. Aliporudi baada ya miezi kadhaa akalifungua, alikuta panya wamezitafuna zote na kuzalia humo watoto. Mwenyewe alieleza kwamba usingizi ulimpaa kwa siku kadhaa. Kisha akachukua bunduki, daftari na kalamu, akarudi mwituni kuanza upya. Mwaka 1819 biashara yake ilianguka, akatiwa kifungoni kwa ajili ya deni. Mwaka uliofuata aliazimia kuchora ndege wote wa Marekani, kila mmoja kwa ukubwa wake halisi.

Ili kuupata ukubwa huo, alimpiga ndege risasi, akamfunga kwa nyaya juu ya ubao uliochorwa miraba, akamsimamisha kana kwamba yu hai. Karatasi nayo ilikuwa na miraba ile ile. Kazi hii ilitaka haraka, kwa maana rangi ya macho na miguu hufifia upesi baada ya kufa. Maua na majani katika picha nyingi za mwanzo yalichorwa na kijana Joseph Mason, ambaye jina lake halikuchapwa popote katika picha hizo, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma. Wala dhuluma ya Audubon haikuishia hapo, kwani alikuwa pia akinunua na kuuza watumwa.

Picha 435 zilichapwa Uingereza kati ya mwaka 1827 na 1838, nyingi kwa mkono wa fundi Robert Havell wa London. Kila moja ilichongwa katika bamba la shaba, ikapigwa chapa, kisha wafanyakazi wakaipaka rangi kwa mkono. Karatasi ilikuwa na urefu upatao inchi 39 na upana wa inchi 26, na hata hivyo haikumtosha heroe. Mtazame ndege huyo mwekundu katika kadi: shingo ameikunja hadi kichwa kikakaribia miguu. Aliyemwona heroe wa Nakuru atadhani anatafuta chakula, na ni kweli kwamba heroe hula hivyo. Lakini angaliinua kichwa, kingalitoka nje ya karatasi. Leo ndege huyo huyo hukaa katika kadi isiyozidi kiganja.

Mjane wake, Lucy, aliziuza picha za asili kwa New-York Historical Society mwaka 1863, nazo zingali huko. Mabamba mengi ya shaba yaliuzwa kama vyuma vikuukuu, yakayeyushwa.

Kadi moja yenye kupendeza ni ile ya kasuku wa Carolina: ndege saba wa kijani, vichwa vya manjano, juu ya mmea wenye miba. Audubon aliwachora mwaka 1825. Kasuku hao walishambulia matunda na nafaka, na wakulima wakawapiga risasi. Walikuwa na tabia iliyowaponza: mmoja akianguka, wenzake hawakukimbia, bali waliruka wakizunguka juu ya maiti wakilia, hata bunduki ikawamaliza. Misitu yao nayo ikafyekwa, na manyoya yao yakapamba kofia za wanawake. Audubon mwenyewe aliandika mapema kwamba walikuwa wakipungua upesi. Wa mwisho aliyefugwa alikufa mwaka 1918 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati, mahali pale pale alipofia njiwa wa mwisho wa aina ya msafiri mwaka 1914. Njiwa hao nao Audubon aliwachora, dume na jike wakilishana mdomo kwa mdomo.