Mtoto kachaguliwa shule ya vipaji? Usitazame Divisheni Wani tu

Mtoto wa Kinampanda, wilayani Iramba, akimaliza la saba na kuchaguliwa Msalato au Tabora Boys, nyumba nzima hushangilia. Ni shule za serikali za vipaji maalumu, tena ada hakuna.

Lakini mzazi, tulia kwanza. Shule hizi huchukua waliofaulu sana, hivyo Divisheni Wani nyingi si ajabu. Fungua matokeo ya kidato cha nne kwenye tovuti ya NECTA, ya miaka mitatu, uhesabu walioangukia II na III. Nao walikuwa vinara walikotoka.

Kisha ulizia shuleni: anayebaki nyuma anasaidiwaje? Walimu wa sayansi wanatosha? Maji bwenini yapo?

Mwisho, muulize mtoto mwenyewe. Kazoea kuwa wa kwanza. Yuko tayari kuwa wa hamsini, mbali na nyumbani?