Mkubwa Anapofundishwa na Mdogo

Mkoani Rukwa, Kaengesa inajulikana kwa seminari yake ndogo ya Kikatoliki. Huko, kama ilivyo katika shule yoyote ya bweni, wanafunzi wa vidato vya juu huwaongoza wanaoanza, na hakuna anayeona hilo kuwa upungufu. Lakini mtoto wa mkulima aliyefikisha miaka 12 bila kuingia darasani akichanganywa na wa rika jingine, tunasema ni dharura.

Dharura hiyo ina jina: MEMKWA, Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Ulianza kwa majaribio mwaka 1999, Kisarawe na Masasi zikiwa miongoni mwa wilaya za mwanzo. Una makundi mawili: wa miaka 11 hadi 13, na wa 14 hadi 18. Wadogo husoma mtaala uliofupishwa, hufanya mtihani wa darasa la nne na wakifaulu huingia la tano. Wakubwa hulenga mtihani wa kumaliza elimu ya msingi.

Mgawanyo huo una busara. Kijana wa miaka 16 anayesoma kwa kukwamakwama mbele ya mtoto wa 11 huona aibu, na kesho haji. Ila kijiji chenye wanafunzi wachache hakipati mwezeshaji wa kila kundi, kwa hiyo wote hukutana chumba kimoja. Na humo umri hauendi sambamba na ujuzi. Binti anayeuza maharage gulioni anajumlisha na kurudisha chenji kwa kichwa, ilhali kuandika tarakimu hajui. Mdogo aliyeachia darasa la pili anazijua herufi, hesabu zinamshinda. Wakae benchi moja, wafundishane kwa zamu. Mkubwa akipewa kazi ya kunyamazisha wenzake tu, tumepata kiranja.

Kuna pia suala la Kifipa: aliyezoea Kiswahili cha mjini Sumbawanga anaweza kumweleza mdogo swali kwa lugha ya nyumbani kabla halijajibiwa.

Yote haya yanamhitaji mtu mzima anayelipwa. Nina shaka na wanaosifu kufundishana bila kutaja posho ya mwezeshaji. Halafu kuna kilimo. Mvua za Novemba zikianza, mikono ya wakubwa inatakiwa shambani. Darasa likipangwa alasiri, baada ya jembe, watakuja. Likifuata kengele ya shule ya kawaida, watakosa kwa sababu zilezile zilizowafanya waikose shule mara ya kwanza.