Sayansi Mbele ya Wenye Mji: Tamasha la Sayansi la Uingereza

Tamasha la Sayansi la Uingereza halina makao. Kila Septemba hupokelewa na chuo kikuu tofauti: mwaka 2016 lilikuwa Swansea, 2017 Brighton, 2018 Hull, 2023 Exeter. Kwa siku chache kumbi za mihadhara na maabara za chuo hufunguliwa kwa wakazi wa mji, na watafiti hueleza kwa lugha ya kawaida kazi wanayoifanya. Mihadhara mingi haina kiingilio.

Kuhamahama huko ni desturi ya tangu mwanzo. Chama kinachoandaa tamasha kilianzishwa mjini York mwezi Septemba 1831. Waasisi wake, miongoni mwao David Brewster, mwanafizikia wa Scotland aliyechunguza tabia za mwanga, walitaka sayansi isibaki mikononi mwa mabwana wachache wa London. Mwaka 1832 chama kilikutana Oxford, 1833 Cambridge. Mwaka 1884 kilivuka Atlantiki hadi Montreal, na 1905 kilifika Afrika Kusini. Mikutano hiyo ilikuwa ya wataalamu kupashana matokeo ya utafiti, ila wasio wataalamu nao walifurika. Juni 30, 1860, katika jumba jipya la makumbusho la Chuo Kikuu cha Oxford, mamia ya watu walimsikia Askofu Samuel Wilberforce akipinga nadharia ya Charles Darwin ya mageuko ya viumbe na mwanabiolojia Thomas Henry Huxley akiitetea. Hakuna aliyeyanukuu majibizano yale neno kwa neno, na sehemu kubwa ya masimulizi yake iliandikwa baada ya miaka mingi.

Kilichodumu zaidi kuliko ubishi huo ni mihadhara ya wafanyakazi. Fundi au kibarua hakuwa mwanachama, wala ada ya mkutano haikuwa ya mfuko wake. Hivyo mwaka 1867, chama kilipokutana Dundee, mwanafizikia John Tyndall alitoa mhadhara maalumu kwa wafanyakazi wa mji huo. Mwaka uliofuata, mjini Norwich, ikawa zamu ya Huxley, naye akachagua mada ambayo kila msikilizaji alikuwa ameikanyaga: chaki.

Norwich imejengwa juu ya mwamba wa chaki, na ukichimba kisima katikati ya mji utaufikia. Huxley alianza na kemia: chaki ni kalisi kaboneti, na ikichomwa hutoa gesi na kuacha chokaa. Kisha akaja kwenye hadubini. Kipande cha chaki kilichosuguliwa hadi kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga huonyesha makombe madogo mno, mengi yakiwa na vijumba vilivyoshikana pamoja. Ni makombe ya viumbe wa baharini wanaoitwa Globigerina. Ushahidi wa pili ulitoka mbali. Mwaka 1857 meli ya Cyclops ilikuwa imepima kina cha Atlantiki kati ya Ireland na Newfoundland, ili kuandaa njia ya waya wa telegrafu, na matope yaliyotolewa chini kabisa yalimfikia Huxley. Yakikauka, matope hayo huandika ubaoni kama chaki. Yakitiwa chini ya hadubini, huonyesha makombe yale yale. Basi ardhi ya Norwich iliwahi kuwa sakafu ya bahari, na ilichukua muda mrefu ajabu kurundikana, kombe juu ya kombe. Sayansi ya leo imeongeza kwamba sehemu kubwa ya chaki hiyo ni vibamba vya miani wadogo kuliko Globigerina, na kwamba ilijengeka kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita.

Ustadi wa mhadhara huo uko katika mpangilio wake. Msikilizaji hakuombwa aamini kwa sababu msemaji ni msomi. Alipewa ushahidi hatua kwa hatua, hadi hitimisho likawa lake mwenyewe.

Onyesho la vitendo lina nguvu zaidi ya maneno. Agosti 1894, chama kilipokuwa tena Oxford, mwanafizikia Oliver Lodge alipokea ukumbini ishara zilizorushwa bila waya kutoka jengo lililokuwa umbali wa karibu mita 60, zikipenya kuta za mawe. Kipokezi chake kilikuwa mrija wenye chembechembe za chuma: wimbi la redio likifika, chembechembe hushikana na kupitisha umeme, kisha mrija hugongwa ziachane, tayari kwa ishara nyingine.

Siku hizi mshiriki hufanya jaribio kwa mikono yake. Zoezi linalopendwa sana katika matamasha ya vyuo vikuu ni kutoa DNA katika stroberi. Tunda hupondwa ndani ya mfuko, likachanganywa na maji ya chumvi na sabuni ya kuoshea vyombo. Sabuni huyeyusha mafuta yanayojenga utando wa seli, na chumvi husaidia nyuzi za DNA kukusanyika. Mchanganyiko huchujwa, kisha spiriti baridi humiminwa taratibu juu yake. DNA haiyeyuki katika spiriti, kwa hiyo hujitenga kama utelezi mweupe unaoweza kuzungushwa kwenye kijiti. Stroberi huchaguliwa kwa sababu ya wingi wa DNA: aina zinazolimwa zina seti nane za kromosomu katika kila seli, ilhali binadamu ana mbili.

Mwelekezaji mzuri haishii hapo. Huwaambia washiriki kwamba utelezi huo si DNA tupu, bali umechanganyika na protini na pektini ya tunda, na kwamba uzi mmoja wa DNA, wenye unene wa nanomita 2 hivi, hauonekani hata kwa hadubini ya kawaida. Kinachoonekana ni mafungu ya nyuzi zisizohesabika. Hapo ndipo maswali huanza, na muda wa maswali haufai kukatwa hata kama ratiba imebana: mtu aliyekuja na shaka kuhusu chanjo au mbegu zilizobadilishwa vinasaba amepata nafasi adimu ya kumuuliza mtafiti ana kwa ana.