Tuijue Kompyuta (2): Inapozimika Yenyewe

Wiki iliyopita tulizungumzia kompyuta ya mezani isiyowaka kabisa. Leo tuiangalie ile inayowaka vizuri, ikapiga kazi, kisha ikazimika ghafla barua ikiwa nusu. Hii huwamaliza watu fedha, maana ikifika kwa fundi huwaka kama haijawahi kuugua.

Mwenye duka moja la steshenari pale Temeke alinionyesha ya kwake baada ya kuwekewa Windows upya mara mbili. Sikukimbilia bisibisi. Nilimuuliza, "Dada, huwa inazimika saa ngapi?"

"Asubuhi haina neno, mwalimu. Ni mchana, kuanzia saa saba. Nikiiwasha papo hapo, inazimika tena hata sijafungua faili. Mpaka niiache ipumzike."

Jibu hilo lilinielekeza kwenye joto. Prosesa ina kipimajoto ndani yake. Nyingi zikikaribia nyuzi 100 za Selsiasi hupunguza kasi. Joto likizidi kupanda, mashine nzima hujikatia umeme ili prosesa isiungue. Haitoi onyo wala nafasi ya kuhifadhi kazi. Inajiokoa, na Windows mpya haitaipooza.

Tulipoondoa ubavu wa boksi, feni ilikuwa inazunguka, na mafundi wengi huishia hapo. Tatizo lilikuwa chini yake, kwenye kipoozeo cha alumini chenye mapezi membamba. Vumbi lilikuwa limeshikana katikati ya mapezi kama kipande cha blanketi. Kati ya vipini vinne vya plastiki vinavyokibana kwenye mazabodi, kimoja kilikuwa kimechomoka, kipoozeo kikainamia upande. Ule ute unaopitisha joto kutoka kwenye prosesa ulikuwa umekauka kama chokaa. Tulichomoa waya wa umeme, tukasafisha kwa brashi, tukafuta kwa spiriti, tukaweka ute mpya kiasi cha punje ya choroko, tukakandamiza vipini vyote vinne. Ukitumia blowa, shikilia mapanga ya feni kwa kidole, yasizungushwe kupita kiasi.

Lau dada yule angesema inazimika mteja anapotoa kopi, nisingegusa feni. Mashine ya fotokopi na printa ya leza zina hita ndani, na hita hiyo ikianza kuvuta umeme, volti hushuka kwenye ekstensheni nzima. Pawa saplai nzuri huweza kuibeba kompyuta kwa takriban milisekunde 16 umeme ukiyumba. Iliyochakaa haifiki hapo. Kwa hiyo kwanza hamishia printa kwenye soketi nyingine ya ukutani. Usiichomeke kwenye UPS, itaielemea.

Ikiendelea kuzimika hasa inapopewa kazi nzito, na ndani hakuna joto, shuku pawa saplai yenyewe. Waya wake wa njano unatakiwa kutoa volti 12, isiwe chini ya 11.4 wala juu ya 12.6, na upime mashine ikiwa kazini. Angalia pia kapasita za mazabodi: iliyovimba kichwani au kuvuja imekwisha. Ila pawa saplai usiifungue. Kwa umeme wetu wa volti 230, kapasita yake kubwa inaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa waya. Azima nzima, jaribu, ndipo ununue.

Ndani ya Windows utakuta tukio namba 41 la Kernel-Power. Nimeona watu wakibadilishiwa vifaa kwa ushahidi wa namba hiyo, na inaniuma, kwa sababu inaeleza tu kwamba kompyuta ilizimika bila kufungwa ipasavyo. Haisemi kwa nini. Karatasi uliyobandika kando ya skrini, yenye saa iliyozimika na kilichokuwa kikifanyika, itamsaidia fundi zaidi.

Ile inayoonyesha skrini ya bluu kabla ya kujiwasha upya ina kesi tofauti, mara nyingi RAM au draiva. Tutaifungua wiki ijayo.