Madaraja Yaeleayo ya Mombasa

Msafiri atokaye Tanga kwa njia ya Horohoro na Lungalunga hufika Likoni, na hapo auona mji wa Mombasa ng'ambo ya maji. Mji huo ni kisiwa. Kusini yake iko Kilindini, mlango wa meli kubwa. Upande wa pili uko mkono wa bahari uutengao na Nyali. Kwa hiyo habari za Mombasa ni habari za kuvuka.

Mwaka 1931 lilifunguliwa daraja la kwenda Nyali. Halikuwa na nguzo zilizosimama chini ya bahari, bali lililazwa juu ya vyombo vipana, vitupu ndani, viitwavyo pantoni. (Watu wa pwani wamelichukua neno hilo wakakiita hivyo kivuko chenyewe.) Chombo kitupu huelea kwa kuwa husukuma maji kando, nayo maji hukiinua. Gari lilipopanda, pantoni iliyo chini yake ilizama kidogo, ikasukuma maji mengi zaidi, ndipo ikapata nguvu ya kulibeba. Gari likiisha pita, iliinuka tena.

Lakini bahari haitulii. Siku za bamvua maji ya Mombasa hupanda na kushuka zaidi ya futi 10, na daraja lilipanda na kushuka pamoja nayo. Nchi kavu haipandi wala haishuki. Basi njia za kuliingilia zilipasa kuinama na kuinuka kwa kufuata maji. Maji yakijaa, njia ilikuwa karibu sawa. Yakipwa, ilikuwa mteremko, na mwenye mkokoteni alijua tofauti yake! Wapitao walilipa ushuru. Daraja hilo lilitumika mpaka mwaka 1980, lilipofunguliwa daraja jipya la saruji, lililo juu ya maji.

Kilindini ni shida nyingine. Meli ziendazo gatini hupita pale pale watu wavukapo. Daraja la nguzo lingepasa kwenda juu kuliko milingoti, na daraja lielealo lingewafungia njia mabaharia. Kwa hiyo watu waliendelea kuvuka kwa feri. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe, iliyopakia watu kupita kadiri yake, ilipinduka karibu na pwani, wakafa watu zaidi ya 270. Wengi wao walikuwa wakienda kazini asubuhi, kama siku zote.

Mwaka 2020 ulipoingia ugonjwa wa korona, msongamano wa Likoni ulileta hofu mpya, maana katika feri watu husimama bega kwa bega. Serikali ya Kenya ikaagiza daraja la waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni kisiwani mpaka Ras Bofu. Likajengwa upesi na kampuni ya Kichina, na mwanzoni mwa mwaka 2021 watu walikuwa wakilipita. Lilielea kama lile la Nyali, ila lilikuwa na jambo ambalo mahali pale lisingeweza kukosa: sehemu yake ya katikati iliweza kufunguliwa.

Namna za kufungua daraja ni nyingi. London, juu ya mto Thames, liko daraja lililofunguliwa mwaka 1894, ambalo njia yake hukatika katikati na vipande viwili huinuka juu kama vifuniko vya sanduku. Mzigo ni mzito, yahitaji minara na mitambo mikubwa. La Liwatoni halikuinuliwa. Kitu kieleacho chaweza kuondolewa juu ya maji pasipo kunyanyuliwa. Sehemu ya katikati ilitengwa na nyingine, ikasogezwa, mlango ukawa wazi.

Meli ilipokaribia, wapitao walizuiwa, hata mwenye haraka. Meli ikapita polepole kwenda gatini, mawimbi yake yakalitikisa daraja, kisha sehemu ile ikarudishwa mahali pake na watu wakaendelea na safari.